Tetemeko la mbali na volkano ya tope: tusichanganye mambo

Kila likitangazwa tetemeko kubwa, hata lililo mamia ya kilomita mbali, simu zetu sisi tunaopokea taarifa za volkano za tope huanza kuita: je, volkano ya tope iliyo karibu nasi italipuka? Tope likibubujika kidogo tu, swali linageuka: lava inafika lini? Haifiki. Kinachotoka humo ni maji, udongo laini na gesi, hasa methani, na mara nyingi tope hilo ukiligusa ni la baridi.

Uhusiano na tetemeko la mbali upo. Septemba 24, 2013, tetemeko la ukubwa wa 7.7 liliikumba Balochistan, Pakistan, na siku hiyohiyo kisiwa cha tope kikaibuka baharini karibu na Gwadar, takriban kilomita 400 kutoka kitovuni. Wataalamu waliofika walipowasha kiberiti, mapovu ya gesi yalishika moto. Msiwaige.

Chini ya ardhi tope limebanwa na uzito wa miamba, na maji yaliyomo yanatafuta pa kutokea. Mawimbi ya tetemeko yanapopita, chembe za udongo huachiana, kama mchanga wa ufukweni unaolainika ukiupigapiga kwa mguu. Gesi iliyoyeyuka majini hujitenga kwa mapovu, na nyufa zilizoziba huweza kufunguka. Ila shinikizo lazima liwe limekwisha kujaa. Volkano iliyotema juzi hata ikitikiswa haina cha kutema, ndiyo maana matetemeko mengi hupita bila kuacha hata povu.

Hapa ndipo watu wanapotuchosha kidogo: jambo likifuata jingine, basi limeletwa nalo. Mei 29, 2006, tope lilifumuka Sidoarjo, Indonesia, siku mbili baada ya tetemeko la 6.3 karibu na Yogyakarta, kilomita 250 hivi kutoka hapo. Wapo wanasayansi wanaolitaja tetemeko. Wengi wanakitaja kisima cha gesi kilichokuwa kikichimbwa jirani, kwa kuwa matetemeko ya awali yaliyotikisa zaidi eneo hilo hayakuamsha kitu. Sisi hatutoi jibu la simu kwa swali la namna hiyo.

Ukiona tope limebadilika, ondoka kuelekea upande upepo unakotoka, usivute sigara wala kuwasha injini karibu. Usikanyage gamba lililokauka: juu linaonekana gumu, chini ni uji. Toa taarifa kwa mpangilio huu: mahali, saa uliyoona, rangi ya tope, harufu, tope linaruka juu kiasi gani, kisha jina lako. Jina huja mwisho, si mwanzo. Utepe wa kuzuia watu ukishawekwa, kuuvuka ni kosa, na "nilikuwa napiga picha tu" haiondoi faini. Video isiyo na saa wala mahali hatuwezi kuitumia, hata ikiwa imetazamwa na maelfu.