Joto likipanda, mbona mafuriko nayo yanazidi?

Hili swali linaulizwa sana: kama dunia inapata joto si tungeona ukame tu, haya mafuriko yanatoka wapi? Chukua Julai 2022. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, watu walikuwa wanakufa njaa, mvua ilikataa na wizi wa ng'ombe ukaongezea, halafu mwisho wa mwezi huohuo, Mbale hapo chini, mito Nabuyonga na Namatala ikafurika usiku, zaidi ya watu 20 wakafa. Zote mbili zinachochewa na kitu kimoja, hewa ikipata joto inabeba mvuke mwingi.

Angalia nguo kwenye kamba, siku ya jua kali zinakauka kabla hujamaliza kuosha masufuria, siku ya baridi zinakaa hapo mpaka zinaanza kunuka. Yale maji hayajapotea, yako hewani. Sasa joto likiongezeka kila nyuzi moja ya Selsiasi hewa inaweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi, na dunia imeshapita nyuzi moja tangu watu waanze kuchoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi. Kwa hiyo mvua ikichelewa hewa inanyonya udongo, majani, visima, kila kitu, mahindi yananyauka haraka kuliko zamani. Na wingu likija linakuja na mzigo. Tena mvuke ukigeuka matone unatoa joto, hilo joto linalisukuma wingu lipande zaidi na kuvuta mvuke mwingine toka pembeni, ndio maana mvua ya masaa mawili inamwaga ya wiki nzima.

Bahari ya Hindi nayo ina mambo yake. Mwisho wa 2019 maji ya upande wetu wa Afrika yalipata joto kuliko kawaida, hiyo hutokea yenyewe miaka mingine, ila bahari ikiwa tayari imepashwa mvuke unazidi. Mvua zikafuatana, Mei 2020 Ziwa Victoria likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita hata rekodi ya 1964.

Lakini tusidanganyane, si kila maafa ni ya tabianchi. Mvua kubwa zilikuwepo hata enzi za mababu, joto linazifanya zije mara nyingi na kwa nguvu. Huko mlima Elgon, juu ya Mbale, miti imekatwa na watu wanalima hadi kwenye miteremko ile mikali kabisa, sasa mvua ileile ambayo msitu ungeinywa polepole inashuka na udongo, mawe na nyumba za watu.