Vitabu vya kujiendeleza kwa mshairi wa oda: soma kwa swali, jaribu kwenye kazi

Mshairi anayeishi kwa oda ana kazi mbili kwa jina moja. Anatunga, na anaendesha biashara ndogo: harusi, sendofu, mahafali, nyimbo za taarabu, maneno ya kwenye kadi, ngonjera za shule. Rafu ya vitabu vya tija na kujiendeleza inamwahidi msaada kwa zote mbili. Baadhi ya vitabu hivyo vina msaada wa kweli, ila karibu vyote viliandikiwa mtu wa ofisini ambaye kazi yake inagawanyika sawasawa, saa hadi saa. Ubeti haugawanyiki hivyo. Kwa hiyo nashauri kitabu cha aina hii kisomwe kama fundi anavyosoma kijitabu cha mashine: unakwenda kwenye ukurasa wa tatizo lako, unafunga, unashika spana.

Anza na swali, kitabu kitafuata. Swali liwe la wiki hii na liwe na namba ndani yake. "Nawezaje kuwa bora" halijibiki. "Kwa nini shairi la beti saba linanichukua siku tano wakati nilimwambia mteja siku mbili" linajibika. Ukishakuwa na swali, fungua yaliyomo, chagua sura tatu tu zinazoligusa, uache nyingine bila kujuta. Kurasa 15 kwa siku zinatosha; hata ukiamua kusoma kitabu kizima cha kurasa 240, utakimaliza kwa siku 16. Ukisoma vitabu vinne kwa wakati mmoja, utapata mashauri manne yanayogombana, na utafanya lile rahisi kuliko yote: kununua cha tano. Kusoma kuhusu kazi kunafanana sana na kufanya kazi, ndiyo maana kunawahadaa watu wenye bidii.

Ukifunga sura, usipige mistari ya rangi. Weka kitabu kando, chukua daftari, andika sentensi tano kutoka kichwani, halafu ndiyo ufungue uone ulichosahau. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006: wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi dakika tano baadaye, lakini baada ya siku mbili na baada ya wiki moja waliojikumbusha bila kitabu ndio waliokuwa mbele. Na andika kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha Kiingereza. Kuna sentensi nyingi za vitabu hivi zinazong'aa kwa lugha yake, ukizileta kwenye Kiswahili cha kazini zinabaki maji matupu. Hizo zifute.

Daftari liwe na safu tatu: dai, jaribio, matokeo. Dai ni kile kitabu kinachosema. Jaribio ni utakachofanya kwenye oda nne zijazo, si zaidi na si pungufu. Oda moja inaweza kuwa bahati, na kumi zitakuchukua msimu mzima kabla hujajua kitu. Matokeo yawe saa, shilingi au idadi ya marekebisho. "Nimejisikia vizuri" haiingii kwenye safu ya tatu.

Sasa madai yenyewe, yale yanayorudiwa zaidi.

La kwanza, kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Namba hiyo inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu muda ambao wagonjwa wake walihitaji kuzoea sura mpya. Hakuwa anapima watu wanaojifunza kuandika kila asubuhi. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliotoka 2010 kwa washiriki 96, ulipata kati ya siku 18 na 254, na siku ya katikati ilikuwa ya 66. Kwa mshairi cha maana zaidi ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mwendo. Usiku wa kughani ukumbini ukikuangusha, kesho unaendelea palepale. Wanaoacha kabisa mara nyingi ni wale walioambiwa kwamba mnyororo ukikatika mara moja umekwisha.

La pili, saa ya dakika 25. Mtaliano Francesco Cirillo aliianza akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kengele ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, 5 pumziko. Kwa kujibu ujumbe wa wateja, kuandika risiti au kuhariri maneno ya kadi, inafaa sana. Kwa kutunga, inaudhi. Kengele hulia wakati umeshapata vina vitatu na cha nne kiko kwenye ncha ya ulimi, na ukirudi baada ya dakika tano kimeondoka na ndugu zake. Hapo kipimo kiwe ubeti: unasimama kituo (mshororo wa mwisho) kikishafungwa, iwe dakika 20 au 50. Ila weka kikomo cha juu cha dakika 90, kwa sababu sikio linalochoka huanza kukubali mizani (silabi) tisa kama nane.

La tatu, "maliza rasimu haraka, utarekebisha baadaye". Kwa shairi huru, sawa. Kwa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, lina mtego, na mtego huo unaonekana ukiuangalia ubeti kwa karibu. Tuseme harusi ni ya Zuberi na Mwanaidi:

Zuberi na Mwanaidi, leo nyumba mwafungua,
Mmefungana ahadi, wazazi wametambua,
Pendo lisiwe baridi, likae likichanua,
Mola awape zaidi, baraka akizitua.

Majina yamekaa vizuri mno: Zu-be-ri-na-Mwa-na-i-di, mizani nane kamili, na kina cha kati ni *di*. Kisha shangazi wa bibi harusi anapiga simu: jina la binti litangulie. Kwake ni badiliko dogo, maneno matatu yanayopishana. Hesabu sasa. "Mwanaidi na Zuberi" bado ni nane, lakini kina kimekuwa *ri*. Ahadi, baridi na zaidi vyote vinaondoka, ukwapi (kipande cha kwanza) wa mishororo mitatu unatungwa upya, na kama mteja alishaupenda mstari wa pendo lisiwe baridi, utamweleza kwa nini haupo. Shairi la beti saba lina mishororo 28, vipande 56, mizani 448. Jina likiwa kwenye kina, kila badiliko linasafiri ubeti mzima, na likiwa kwenye kibwagizo linasafiri shairi zima.

Kwa hiyo kabla ya rasimu ya haraka pana mahojiano ya polepole. Karatasi yangu ya maswali ina mambo sita: majina kamili na namna yanavyotamkwa nyumbani, nani atangulie, majina ya wazazi (na yupi ni marehemu, asije akatakiwa kusimama ukumbini), nani ataghani, dakika walizopewa na mshereheshaji, na mambo yasiyotajwa. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ndoa ya pili, mahari iliyozua maneno, mji ambao familia haitaki kuusikia: uliza mapema. Majina yakikubaliwa, yatume kwa maandishi na upate "sawa" yao. Kisha yapeleke katikati ya kipande badala ya mwisho wake kila inapowezekana, ili lolote likibadilika mizani ndiyo iguswe, kina kibaki.

La nne ni kukisia muda, na hapa vitabu vina haki. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliueleza mwaka 1979 udhaifu wa kukisia muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi tasnifu zao zingechukua siku ngapi: wakakisia wastani wa siku 34 hivi, ikawachukua zaidi ya 55. Dawa si kujikaza. Dawa ni kuangalia kazi zilizopita. Chukua mashairi yako manne ya mwisho ya aina moja, andika saa zilizotumika kweli, tafuta wastani, na hiyo ndiyo ahadi yako kwa mteja wa tano, hata kama moyo unakwambia hili ni jepesi. Mfano wa mgawanyo wa beti saba: mahojiano dakika 60, kukusanya vina na maneno 40, rasimu 180, kuhesabu mizani na kughani kwa sauti 50, marekebisho 90. Jumla ni saa saba. Wengi huhesabu zile tatu za rasimu peke yake, ndipo bei inapoharibika.

Maana bei inatoka humo humo. Sura za "toza kulingana na thamani yako" zinasomeka vizuri lakini hazikupi namba. Fanya hesabu ya kawaida. Tuseme unahitaji shilingi 600,000 kwa mwezi za Tanzania, na gharama za biashara (bando, usafiri, uchapaji, fundi wa studio) ni 150,000. Jumla 750,000. Ukifanya kazi siku 25, usijidanganye kwamba una saa nane za kutoza kila siku. Simu, foleni na maelewano vinakula nyingi. Weka tatu. Saa 75 kwa 750,000 ni shilingi 10,000 kwa saa, na shairi la saa saba ni 70,000. Soko la mtaani kwako likikataa, una milango miwili: punguza saa kwa karatasi ya maswali na orodha ya vina uliyoikusanya, au punguza beti ziwe nne. Kupunguza bei huku saa zikibaki saba ni kumlipia mteja harusi. Nusu ilipwe kabla ya rasimu, marekebisho mawili yawe ndani ya bei, la tatu litozwe kwa saa. Na iandikwe kama mteja anaruhusiwa kulirekodi shairi au ni la kughaniwa siku hiyo tu.

Kuamka saa kumi na moja alfajiri nalipitia haraka. Kama unaghani kumbini mpaka saa saba usiku, shauri hilo linakuibia usingizi tu. Linda saa mbili ambazo simu iko kimya, hata zikiwa saa nane mchana.

Baki na kalenda. Harusi za Waislamu hujazana Shabani, kabla ya mfungo, na huanza tena Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Desemba ina ndoa za makanisani na watu waliorudi likizo. Miezi hiyo usianze kitabu kipya. Fanya jaribio moja tu ambalo tayari liko daftarini, na ujaze safu ya tatu usiku uleule shairi linapokabidhiwa, kwa sababu kesho yake utakumbuka makofi na utasahau saa. Ramadhani oda za harusi zinapungua. Hapo ndipo pa kukaa na daftari, kukata kwa mstari mmoja majaribio yaliyoshindwa bila kufuta namba zake, na kuchagua swali la kitabu kinachofuata.