Misumari haichanushi jakaranda

Kila mwaka ujumbe huu hurudi kwenye magrupu ya mitaa ya Nairobi: jakaranda yako ikikataa kutoa maua, pigilia misumari mitatu yenye kutu kwenye shina, eti mti unakosa madini ya chuma.

Si kweli. Udongo wetu mwekundu, rangi yake yenyewe inatokana na chuma. Msumari hutoboa ganda tu, na kwenye tundu hilo maji na kuvu hupata njia ya kuingia.

Imani hii imedumu kwa sababu ya kalenda. Mtu anapigilia misumari Agosti, baridi ikiisha. Kufika Oktoba, mti umejaa maua ya rangi ya zambarau. Anausifu msumari, lakini jakaranda za barabarani, ambazo hakuna aliyezigusa, nazo zimechanua wiki ile ile. Ukitaka kuhakikisha, linganisha na hizo.

Mara nyingi tatizo ni umri. Jakaranda iliyooteshwa kwa mbegu inaweza kukaa miaka saba, hata zaidi ya kumi, kabla ya ua la kwanza. Au imebanwa kwenye kivuli cha ghorofa la jirani, nayo inataka jua la kutwa. Au (hili huwashangaza wengi) inalishwa mbolea ya naitrojeni iliyomwagiwa nyasi, ikazidi kutoa majani mabichi tu.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Na kama umeshapigilia, usiutikisetikise msumari kwa koleo ukiung'oa. Ukishakazwa na ganda, uache ulivyo.