Folda ya gemu si gemu nzima

"Fundi, folda ya gemu nishaikopi kwa hard disk, wewe fomati tu." Nani alieneza maneno haya Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi? Laptopu inafomatiwa, gemu inarudishwa, na mwenyewe anaanza upya kuanzia hatua ya kwanza.

Folda hiyo, kwa Steam (duka la gemu za kompyuta) ile iliyo ndani ya steamapps\common, ina programu, picha, sauti na ramani, vitu unavyoweza kupakua tena. Sevu zako, yaani faili zinazotunza hatua uliyofikia, kwa kawaida hukaa kwenye folda ya mtumiaji wa Windows. Angalia Documents\My Games na Saved Games, kisha AppData, ambayo imefichwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, utue Roaming. Panda ngazi moja uone Local na LocalLow. Gemu zilizoundwa kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu, mara nyingi hutumia LocalLow, chini ya jina la kampuni iliyotengeneza gemu, na hapo ndipo wengi hupotea wakitafuta jina la gemu. Za Unreal, programu nyingine ya aina hiyo, tafuta Saved\SaveGames ndani ya Local. Nyingine zimo kwenye userdata ya Steam. Na usiniambie ziko Steam Cloud, hifadhi ya mtandaoni ya Steam. Si kila gemu inaitumia. Mtu anabeba GB 80 anaacha MB 5 alizozihangaikia miezi!

Beba pia faili ya appmanifest yenye namba ya gemu, iliyo ndani ya steamapps; ndiyo huijulisha Steam kuwa gemu ipo. Ukiisahau, usichome bando: rudisha folda mahali pake, bonyeza kusakinisha, Steam itakagua faili zilizopo na kupakua zilizopungua.

"Flashi imejaa," na ina GB 40 tupu. Haijajaa. Imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi. Ifomati kwa mpangilio wa exFAT, ukishatoa vilivyomo.

Kuna na wa kufungua faili kubwa zinazofunga data ya gemu pamoja: "Badilisha .pak iwe .zip, itafunguka." Pk3, faili kama hizo za gemu ya Quake III, ni zip kweli, lakini hiyo ni bahati ya pk3. Jina la nje halibadilishi mpangilio wa ndani. Chukua WAD, faili ya data ya gemu ya Doom ya 1993: baiti 12 za mwanzo zinataja aina, idadi ya vipande na mahali orodha ilipo. Kila kipande kina baiti 16 kwenye orodha: kinapoanzia, ukubwa wake, na jina lisilozidi herufi 8. Gemu husoma orodha, ikaruka moja kwa moja hadi kipande inachotaka. Ukiongeza herufi moja katikati kwa Notepad, kila kilicho mbele yake kinasogea, hata orodha yenyewe, ambayo kwa kawaida iko mwishoni, huku namba zikiendelea kuelekeza pale pa zamani.