Siliaki: usiache ngano kabla hujapimwa

Mtoto alianza uji vizuri, kisha miezi ikapita uzito ukasimama. Tumbo linajaa, makalio yanasinyaa, choo kinakuwa laini, kingi na chenye harufu kali. Kliniki inasema ni utapiamlo, na mama anashauriwa aongeze uji wa lishe. Sasa, soma pakiti nyingi za unga wa lishe: pamoja na mahindi, soya, ulezi na karanga, mara nyingi utakuta na ngano. Kama mtoto huyo ana siliaki, kila kikombe anachonyweshwa kwa upendo kinazidi kumuumiza.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, huugeukia utumbo mwembamba wa mtu mwenyewe na kuushambulia. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Ukuta wa utumbo una vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa, vinyweleo hivyo hulika mpaka ukuta unabaki bapa. Mtu anakula na kushiba, lakini madini ya chuma, foleti, kalsiamu na vitamini D vinampita.

Kuhusu ugonjwa huu yanasemwa mengi yasiyo kweli, na baadhi husemwa na watu waliovaa koti jeupe. Nitaanza na lile linalotukosesha vipimo kabisa.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu"

Ni kweli kwamba wengi wa walioandika habari zake mwanzoni walikuwa Ulaya. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza mwaka 1888 na kusema kwamba kama mgonjwa ataweza kupona, basi atapona kwa chakula. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeishika ngano kuwa mkosaji. Alikuwa akiishuku tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini kwake, yakamwongezea uhakika, na mwaka 1950 akayaweka matokeo yake katika tasnifu.

Lakini tazama Afrika yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, na ukakuta zaidi ya 5 katika kila 100 wana siliaki. Ulaya kiwango ni kama mtu 1 katika kila 100. Ugonjwa huu unajulikana vyema pia Afrika Kaskazini, Uarabuni na kaskazini mwa India, na damu za huko zimechanganyika na za pwani yetu kwa karne nyingi. Kinachohitajika ni jeni fulani na ngano mezani. Ngano tunayo: asubuhi mandazi na mkate, mchana chapati, jioni tambi. Kusini mwa Sahara kilichopungua ni upimaji. Mgonjwa wetu anaambiwa ana amiba, akimaliza dozi anaambiwa taifodi, kisha vidonda vya tumbo, na mwaka unaofuata safari inaanza upya.

"Haharishi, kwa hiyo hana"

Watu wazima wengi wenye siliaki hawaharishi hata kidogo. Wapo wanaofunga choo, na wapo wanene. Dalili inayojitokeza mara nyingi ni upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma: mtu anameza miezi, damu inapanda kidogo, akiacha inashuka. Kwetu lawama huangukia malaria, minyoo au hedhi, na mara nyingi ni sawa kuanzia hapo. Vyote hivyo vikishatibiwa na damu bado iko chini, ni haki ya mgonjwa kuuliza kama utumbo wake unafyonza.

Dalili nyingine huonekana mbali kabisa na tumbo: mimba zinazoharibika mara kwa mara, mifupa kuwa dhaifu mapema, kimo cha mtoto kubaki nyuma ya wenzake, ganzi miguuni, vidonda vya mdomo vinavyorudi. Kuna pia vipele vya malengelenge vinavyowasha vibaya kwenye viwiko, magoti na makalio, ambavyo hupakwa dawa za fangasi na upele bila nafuu kwa sababu mzizi wake ni gluteni. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza yuko katika hatari kubwa kuliko wengine, hata akiwa hana dalili yoyote.

"Acha ngano wiki chache uone, ukipata nafuu ndiyo hiyo"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na ndio unaoharibu zaidi.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinatafuta kingamwili zinazojulikana kwa kifupi kama tTG-IgA, ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni ingali inaingia. Ukiacha ngano, kingamwili hizo hushuka na vinyweleo vya utumbo huanza kuota tena. Ukija kupimwa baada ya miezi kadhaa, majibu yanaweza kutoka safi hali ugonjwa unao. Hapo unabaki njia panda: uishi maisha yako yote kwa kudhani, au urudie kula ngano ili upimike. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa. Kwa aliyekwisha kupata nafuu, wiki hizo ni mateso, na nimeona watu wakikataa katakata. Siwalaumu.

Kupata nafuu peke yake hakuthibitishi. Mwenye tumbo linalosumbuliwa na msongo, au asiyevumilia sukari fulani zilizomo katika ngano, naye hupata nafuu akiacha mkate. Mwenye mzio wa ngano vilevile, na huo ni ugonjwa mwingine: huja ndani ya dakika au saa chache, kwa kuvimba midomo, vipele au kubanwa pumzi.

Pamoja na tTG-IgA, omba upimwe IgA yote kwa jumla, maana IgA ni aina mojawapo ya kingamwili. Wapo watu ambao mwili wao hautengenezi IgA ya kutosha, na miongoni mwa wenye siliaki wako wengi kuliko kwa watu wengine. Kwao kipimo cha kawaida kitasema "hakuna" bila msingi, na inabidi vitumike vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili. Damu ikionyesha ugonjwa, mtu mzima huendelea kwenye endoskopia: mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vinyofu kadhaa hukatwa na kutazamwa kwa hadubini. Kukatwa huko hakuumi. Vinyofu viwe vingi, angalau vinne na vingine kutoka sehemu ya mwanzo kabisa, maana ugonjwa huathiri utumbo kwa madoadoa na kinyofu kimoja kinaweza kutoka mahali pazima. Kwa watoto, kiwango cha kingamwili kikiwa zaidi ya mara 10 ya ukomo wa kawaida na kipimo cha pili cha damu kikikubaliana nacho, miongozo ya Ulaya inaruhusu kutofanya endoskopia.

Kwetu damu na kinyofu ni vizuri vitembee pamoja. Utumbo bapa unaweza kuletwa pia na maambukizi ya muda mrefu, kijidudu cha jiadia kwa mfano, au na utapiamlo mkali. Daktari anayeona kinyofu peke yake anaweza kuita siliaki kitu kisicho siliaki.

Na ikiwa ngano ulishaiacha zamani na huwezi kuirudia, kipo kipimo cha jeni za DQ2 na DQ8, ambacho hakibadiliki kwa chakula. Zikikosekana zote mbili, siliaki karibu haiwezekani. Zikiwepo hazithibitishi chochote, maana Ulaya karibu theluthi moja ya watu wanazo na walio wengi hawataugua kamwe.

"Kipande kidogo hakina neno"

Kipande cha mkate kina gramu 2 za gluteni au zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa waliopewa miligramu 50 kwa siku kwa miezi 3, yaani kama sehemu moja ya arobaini ya kipande hicho, utumbo wao uliathirika. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja.

Kwa jiko letu maana yake ni hii. Muhogo hauna gluteni, lakini muhogo uliokaangwa katika karai lililotoka kukaanga mandazi unayo, na moto wa mafuta hauiui. Ulezi hauna, lakini mashine ya kusaga iliyotoka kusaga unga wa lishe wa jirani inaiacha ndani. Unga wa ngano hupeperuka, hutua kwenye chungu kilicho wazi, hujificha kwenye nyufa za mwiko na kibao cha chapati. Mgonjwa awe na mwiko wake, kibao chake na chujio lake. Sufuria za chuma zikisuguliwa vizuri hazina tatizo.

Halafu kuna ngano isiyoonekana. Urojo wa Unguja huzidishwa uzito kwa unga wa ngano. Sosi ya soya huwa na ngano, soseji nyingi pia. Suji ni ngano. Bagia za dengu ni salama mpaka mpishi aongeze kijiko cha ngano zishikane, kwa hiyo muulize. Bia ya shayiri ni gluteni ya kunywa. Oti zenyewe wengi huzimudu, ila zile za kawaida huvunwa na kusagwa pamoja na ngano, basi zisizo na alama ya "bila gluteni" ziache.

"Sasa atakula nini, maskini?"

Hapa ndipo ninapokuwa na furaha. Mgonjwa wa Ulaya alizaliwa juu ya mkate. Mgonjwa wa kwetu ameukuta mkate mezani ukiwa mgeni. Ugali wa mahindi, wa muhogo au wa mtama. Bugari (yaani ugali) na sombe (kisamvu) kwa ndugu zetu wa Kongo, matoke kwa wa Uganda. Wali wa nazi, pilau, biriani, maharage, kunde, mbaazi, samaki, viazi vitamu, magimbi. Vitumbua na mikate ya kumimina ya mchele mtupu, vileja vya unga wa mchele, mkate wa mofa wa mtama halisi. Biskuti za bei mbaya zilizoandikwa "bila gluteni" dukani si dawa, na wengi hawana haja nazo.

Ugumu uko kwenye shughuli. Ramadhani futari imejaa sambusa, kaimati, shurba ya ngano na boko boko, na anayekataa huonekana anamdharau mwenyeji. Msaada mkubwa ambao shangazi au mama mkwe anaweza kutoa ni kupakua sahani ya mgonjwa kwanza, kabla ya mkono uliogusa chapati kuingia katika sinia la wali.

Kwa Wakatoliki lipo swali la hostia, mkate mwembamba wa komunyo, ambayo ni ya ngano. Barua ya Vatikani ya mwaka 2003 ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa sakramenti, ile yenye gluteni kidogo sana inafaa, na mlei asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Mwone paroko mapema, na uombe kikombe ambacho hakijatumbukizwa hostia.

"Akipona atarudi kwenye chapati"

Hatarudi. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alianza kuwalisha watoto wenye siliaki ndizi nyingi na kuwanyima mkate. Walinawiri, watu wakaamini ndizi ndizo zinazotibu, na watoto walioonekana wamepona wakarudishiwa ngano. Kumbe lililowasaidia ni kukosekana kwa mkate. Siliaki haina dawa ya kuimaliza; chakula ndicho tiba, maisha yote. Nafuu ya tumbo huanza ndani ya wiki chache, ingawa utumbo wa mtu mzima unaweza kuchukua miaka 2 au zaidi kujijenga. Katika kipindi hicho maziwa yanaweza kumsumbua, na mara nyingi huyarudia baadaye. Kingamwili zipimwe tena baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, pamoja na damu, chuma na vitamini D. Zisiposhuka, anzeni kutafuta karai, mashine au kiungo kilichosahaulika.

"Basi tuache ngano nyumba nzima"

Asiye na siliaki, wala tatizo jingine linaloletwa na ngano, hapati faida ya kiafya kwa kuiacha tu. Tena kumbuka kipimo: ndugu, watoto na wazazi wa mgonjwa wanapaswa kupimwa hata kama hawaumwi, kwa sababu kati yao 5 hadi 10 katika kila 100 hukutwa nao. Wakishaacha ngano kwa kumuunga mkono, damu zao zitaficha jibu. Wapimwe kwanza, wakiwa bado wanakula chapati, halafu ndipo nyumba iamue jiko litakavyokuwa.