Je, wajua kwa nini mboga za kuponda za mtoto huhitaji kijiko cha mafuta?

Mtoto anapotimiza miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, na katika nyumba nyingi chakula kinachofuata uji huwa ni mboga zilizochemshwa na kupondwa: kipande cha boga, karoti, kiazi kitamu, pengine na majani machache ya mchicha. Ni mapishi mepesi, lakini wahudumu wa kliniki za watoto husisitiza jambo moja linalowashangaza wazazi wengi, nalo ni kuongeza kijiko kidogo cha mafuta kabla ya kumlisha mtoto. Kwa nini aongezewe mafuta, ilhali sisi watu wazima tunashauriwa kila siku tuyapunguze?

Jibu la kwanza limo katika udogo wa tumbo lake. Tumbo la mtoto mchanga hupokea takriban mililita 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hushiba kwa mililita 240 hivi, kiasi cha kikombe kimoja. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayeendelea kunyonya huhitaji kupata kilokalori 200 kwa siku kutoka katika vyakula vya nyongeza, katika milo 2 au 3. Sasa tulitazame boga. Zaidi ya asilimia 90 ya boga lililochemshwa ni maji, na gramu 100 zake hutoa kilokalori 20 tu. Hata mtoto huyo akijazwa boga mpaka akatae kijiko, tena mara 3 kwa siku, hatafikia kiwango anachohitaji. Atakuwa ameshiba lakini hajalishwa. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 40, na kwa hiyo kikichanganywa na zile gramu 100 za boga, nguvu iliyomo hupanda kutoka 20 hadi 60 bila bakuli kuonekana limeongezeka.

Jibu la pili ndilo lenye uzito zaidi, nalo linahusu rangi ya mboga hizo. Rangi ya chungwa ya karoti, boga na viazi lishe (viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa) hutokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, vitamini inayolinda macho na kuimarisha kinga ya mtoto dhidi ya surua na kuhara. Mchicha nao una beta-karotini nyingi, ila kijani chake huificha. Tatizo ni kwamba beta-karotini haiyeyuki katika maji, nayo imefungiwa ndani ya kuta za seli za mboga. Moto hulainisha kuta hizo, kuponda huzivunja, na mafuta huipokea beta-karotini iliyoachiliwa, kisha nyongo huyagawanya mafuta hayo kuwa matone madogo sana yanayoweza kupenya ukuta wa utumbo. Mafuta yasipokuwepo, sehemu kubwa ya beta-karotini hupita tumboni na kutoka katika kinyesi.

Hapa inafaa kuvitaja viazi lishe kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyofaa kuliko mboga zote nilizozitaja. Viazi vitamu vyeupe vina beta-karotini kidogo mno, lakini vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina nyingi kiasi kwamba gramu 125 za aina nzuri huweza kutosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku nzima kwa mtoto mdogo. Kazi ya kuvizalisha na kuvisambaza barani Afrika ilitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na miongoni mwa washindi alikuwamo mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga. Kiazi hiki kina faida nyingine jikoni: kinapopashwa moto, kimeng'enya kilichomo ndani yake hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, ndiyo maana kikipondwa huwa kitamu na laini bila kuongezewa chochote.

Katika kupika, menya viazi na karoti, katakata vipande vinavyolingana ili viive pamoja, weka maji kidogo tu na ufunike sufuria. Mchicha uliokatwa hutiwa dakika chache za mwisho. Ponda kwa uma au mwiko vikiwa bado vya moto, ukilainisha kwa maji yaleyale ya kuchemshia au kwa maziwa ya mama, kisha changanya mafuta. Mafuta ya alizeti yanafaa, na pwani tui zito la nazi hufanya kazi hiyohiyo. Katika Kigoma, Burundi na Kongo yapo mawese mekundu, ambayo yana beta-karotini yake yenyewe. Kijiko kimoja cha chai kwa bakuli kinatosha, kwani mafuta mengi humshibisha mtoto kabla hajala vyakula vyenye protini na madini. Chumvi na sukari hazihitajiki, na asali isitumike kabla ya mwaka 1.

Blenda, kwa maoni yangu, si ya lazima hata kidogo. Mara nyingi huhitaji maji ya ziada ili izunguke vizuri, na maji hayo hurudisha tatizo lilelile la boga. Chakula cha mtoto kiwe kizito cha kutulia juu ya kijiko kilichoinamishwa bila kumwagika. Kadiri miezi inavyosonga, pondaponda hiyo iachwe na mabonge madogo laini, maana kufikia miezi 8 watoto wengi huweza kushika kipande laini na kukitafuna kwa ufizi.

Mboga hizi, hata zikiwa na mafuta, hazina madini ya chuma ya kutosha, na akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua sana afikapo miezi 6. Kwa hiyo ongeza kijiko cha dagaa safi waliosagwa wakawa unga na kuiva vizuri, maharage yaliyopondwa, au siku nyingine ini kidogo.

Mtoto anayekula sana viazi lishe na karoti huweza kugeuka rangi ya manjano katika viganja, nyayo na pua, na wazazi wengi hushtuka wakidhani ni homa ya manjano au ugonjwa wa ini. Rangi hiyo haina madhara, kwa kuwa mwili huigeuza beta-karotini kuwa vitamini A kwa kadiri ya uhitaji wake, nayo hupungua mboga hizo zikipunguzwa. Alama ya kutofautisha ni macho: weupe wa jicho ukibaki mweupe, chanzo ni chakula, ukigeuka manjano, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.