Weka mwanzi mezani, vikapu vikae nyuma

Siku ya kwanza niliyoandaa onyesho la ususi wa Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, hapa kazini, nilikosea karibu kila kitu. Nilitandika kitambaa cheupe, nikapanga vikapu vilivyokamilika mbele, vikubwa kwa vidogo, na mama msukaji nikamkalisha nyuma yake kama muuza duka. Ndoo ya maji sikuikumbuka. Saa nzima watu walipita, wakainua kikapu, wakauliza bei, wakakirudisha. Mikanda ya mwanzi aliyokuja nayo ikakauka na kuanza kupasuka mikononi mwake. Mwishowe akaniomba maji, kisha akaniambia kwa upole kwamba hivi vikapu navyo nivisogeze.

Tukaviweka nyuma. Mbele akalaza bua la mwanzi mbichi, kisu kidogo na ndoo. Haikuchukua dakika kumi, watu wakamzunguka.

Huu ni mwaka wa tisa naratibu maonyesho ya kazi za mikono katika jumba dogo la makumbusho mashariki mwa Tennessee, mwendo wa kama saa mbili kutoka mji wa Cherokee, North Carolina, na bado napanga meza vilevile alivyoipanga yule mama.

Mwanzi wenyewe usiufananishe na ule mnene wa kwetu. Ni wa unene wa kidole gumba, unaota kandokando ya mito. Msukaji huchagua uliokomaa, akaupasua katikati, akaupasua tena, halafu inakuja kazi yenyewe: kwa ncha ya kisu analitenga ganda la nje linalong'aa na nyama ya ndani, kisha analivuta taratibu kwa mkono mmoja huku mwingine ukilikandamiza lisikimbilie pembeni. Kinachobaki ni mkanda mwembamba unaopindika bila kuvunjika. Kingo zake nazo huparwa, maana zina makali. Mimi nilikulia Pemba nikimtazama bibi akichana ukindu kwa ukucha, nikajiona fundi. Nilijikata kabla sijamaliza bua la kwanza.

Rangi hutoka porini. Mjozi mweusi hutoa kahawia iliyokolea, na mti mwingine wa jamii hiyohiyo hutoa rangi inayokaribia weusi kabisa. Rangi ya chungwa iliyoiva hutoka kwenye mmea mdogo ambao mzizi wake ukiukata unatoa utomvu kama damu. Mikanda huchemshwa humo mpaka rangi ishike.

Halafu kuna kikapu cha tabaka mbili, ambacho hata baada ya miaka yote hii bado kinanishangaza. Anaanza na kitako cha ndani, anapanda na kuta, akifika mdomoni anaikunja mikanda ileile na kushuka nayo kwa nje hadi kitako cha pili. Ni vikapu viwili, kimoja ndani ya kingine, bila mshono, na uso unaong'aa uko ndani na nje. Kimoja cha aina hiyo kimo British Museum, London. Kilipelekwa Uingereza na Francis Nicholson, aliyekuwa gavana wa South Carolina katika miaka ya 1720. Zaidi ya miaka 200 baadaye, waliokuwa wakiujua ususi huo wamebaki wachache, Lottie Stamper, mwalimu wa ususi katika shule ya pale Cherokee, alitumia picha ya kikapu hicho kuufufua, kisha akawafundisha wenzake. Picha! Mimi nikiitazama siwezi hata kukuambia mkanda wa kwanza ulilazwa upande gani. Yeye aliweza kwa sababu vidole vyake vilishajua kusuka, picha ikamkumbusha njia tu.

Swali ninalolisubiri kila onyesho ni hili: mwanzi mnaupata wapi? Likishaulizwa, mengine yanakuja yenyewe. Mabonde yaliyokuwa yamejaa mwanzi yalifyekwa yakawa mashamba na malisho. Inakadiriwa imebaki kama asilimia 2 tu ya vichaka vya zamani. Msukaji huendesha gari masafa marefu, kisha anabisha hodi kwa mwenye shamba kuomba ruhusa ya kukata. Na wapo ambao mwanzi huo waliupoteza kwa nguvu. Mwaka 1838 jeshi la Marekani liliwaswaga Wacherokee wapatao 16,000 kuelekea magharibi, nchi ambayo leo ni Oklahoma; idadi ya waliokufa inayotajwa sana ni 4,000. Huko wasukaji walijifunza kutumia vitawi na mimea tambazi ya porini iliyokuwepo. Ndiyo maana kikapu cha Tahlequah, mji mkuu wa Wacherokee huko Oklahoma, mara nyingi kimesukwa kwa vitawi vya mviringo, na cha milima ya North Carolina kwa mikanda bapa ya mwanzi au ya mti wa mwaloni. Ukiviweka viwili hivyo sambamba na malighafi zake, mgeni anaiona safari ile kabla hujaitaja.

Mtu akitaka kuona kazi hii ikifanywa kwa mpango, aende Oconaluftee Indian Village, kijiji cha maonyesho kilichofunguliwa mwaka 1952 hapo Cherokee. Utakuta gogo likichomwa moto taratibu na kukwanguliwa mpaka liwe mtumbwi. Hapo ndipo Amanda Swimmer, aliyefariki mwaka 2018 akiwa na miaka 97, alifinyanga vyungu mbele ya wageni kwa zaidi ya miaka 35, kwa mikono mitupu, bila gurudumu.

Lakini katika mji huohuo, miaka hiyohiyo, wanaume walisimama kando ya barabara wamevaa mataji marefu ya manyoya, pembeni ya mahema, wakipigwa picha na watalii kwa malipo. Mataji na mahema hayo ni ya watu wa nyikani mbali sana na hapo. Watalii walitaka Mhindi Mwekundu wa sinema, nao wakampata. Siwalaumu, watoto walikula. Ila Sequoyah, Mcherokee aliyekamilisha maandishi ya lugha yao mwaka 1821, kwenye picha yake maarufu amevaa kilemba.

Kuna vitu haviletwi mezani. Msukaji wetu ataeleza rangi na kisu mpaka jioni, lakini ukimuuliza dawa za jadi, anakurudisha kwenye kikapu. Nami nikiona mgeni anang'ang'ania, hapo ndipo naingilia. Kazi yangu nyingine ni kuhakikisha analipwa siku nzima, pamoja na siku alizotumia kukata na kuchana, na kwamba duka letu haliuzi kikapu cha kiwandani kwa jina la Wacherokee. Sheria ya mwaka 1990 inakataza udanganyifu huo, na adhabu yake ni pamoja na kifungo.

Onyesho la mwisho, mtoto wa miaka saba hivi alimuuliza kama anaishi kwenye hema. Mama hakuinua macho.

"Naishi nyumba ya matofali, na mkopo wa benki bado nalipa. Shika huku, uvute."

Mtoto akashika, akavuta kwa nguvu, mkanda ukakatika. Akaoshwa vidole kwenye ndoo, akapewa mwingine.